Surdo kubwa, "moja" iliyopotea na kuika inayokwaruza

"Shikamoo mwalimu. Nimekulia Tanga, na kwenye ngoma za harusini nilikuwa nikishika chapuo tangu usichana wangu. Sasa naishi Bremen, Ujerumani, na nimejiunga na kikundi cha samba, muziki wa Brazil, kinachojiandaa kwa kanivali. Nilitegemea nipewe ngoma ndogo yenye kazi ya mikono, nikapewa surdo kubwa kuliko zote: pigo moja, basi. Nimejiona nimedharauliwa. Ajabu ni kwamba hata hilo pigo moja nalikosea! Mwalimu wetu anasema 'moja' yangu ndiyo 'mbili' yake. Mimi nikisikia ngoma nzito inalia, kwangu hapo ndipo mzunguko unapoanza. Ni masikio yangu mabovu? Nimenunua pia ala iitwayo kuika, ya mtumba, mtandaoni, lakini kila nikiisugua inakwaruza tu, hailii kama kwenye rekodi. Nimewaza niyaache yote niwaletee djembe yangu. La mwisho: tukimaliza mazoezi masikio hunivuma mpaka asubuhi. Ni kawaida?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini la kudharauliwa na la "moja" iliyopotea ni jambo moja, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Katika hilo masikio yako ni mazima. La kuvuma mpaka asubuhi ni habari nyingine, nalo sitalipitia juujuu.

Inawezekana kweli ulipewa surdo ya kwanza kwa sababu mtu aliiona nyepesi. Vikundi vingi vya Ulaya vina mazoea hayo: mgeni anatwikwa ngoma kubwa, anaambiwa apige taratibu, wakongwe wanabaki na tamborimu zao, vigoma vya mkononi. Mimi sikubaliani na mazoea hayo hata kidogo. Katika bateria za Rio de Janeiro, yaani kikosi cha wapigaji wa shule ya samba (chama kinachoandamana kwenye kanivali), ambacho kwa shule kubwa huwa na watu zaidi ya 200, surdo ya kwanza hukabidhiwa mtu asiyeyumba. Mpiga tamborimu mmoja akiteleza katikati ya wenzake thelathini, atakayejua ni aliye ubavuni mwake tu. Surdo ya kwanza ikikimbia, waimbaji, wachezaji na ngoma zote zilizo juu yake wanakimbia nayo.

Sasa hiyo "moja". Samba huhesabiwa kwa mbili: moja, mbili, moja, mbili. Chini kabisa kuna surdo za namna tatu. Ya kwanza ndiyo yako, pana kuliko zote, kipenyo chake kama sentimita 60, na sauti yake ndiyo nzito zaidi. Ya pili ni ndogo kidogo na inalia juu kidogo. Ya tatu ni ndogo kuliko hizo, nayo hukatiza katikati yao kwa mapigo ya kuchezacheza. Kinachowachanganya wageni wengi ni hiki: surdo ya kwanza hupiga kwenye mbili. Inayopiga kwenye moja ni ya pili, yenye sauti nyepesi. Kwa hiyo uzito wote wa samba unaangukia pale ambapo wewe ulitarajia wepesi.

Sikio lililozoea ngoma nzito ifungue mzunguko litaisikia hiyo mbili kama moja, na hakuna atakayeliona kosa mara moja, kwa kuwa ukigeuza kila kitu kwa pamoja mapigo yako bado yanaanguka sehemu zilezile. Kosa hujitokeza kwenye viungo vya wimbo. Repiniki, ngoma inayoongoza, ikiita na wote wakajibu, wewe utajibu umechelewa au umewahi. Mwalimu akifunga mdundo kwa ishara, wenzako watanyamaza na surdo yako italia peke yake. Mwimbaji ataonekana kwako kila mara anaingia mahali pa ajabu. Ukiona dalili hizo, ujue bado umegeuza.

Chanzo cha mpangilio huu kinajulikana vizuri. Samba ya mwanzo mwanzo ya Rio ilichezwa kwenye nyumba za wanawake waliotoka jimbo la Bahia, kama Tia Ciata, karibu na uwanja wa Praça Onze. Palikuwa na makofi, pandeiro (aina ya tari lenye visahani), sahani iliyokwaruzwa kwa kisu. Wimbo "Pelo Telefone", ulioandikishwa na mwanamuziki Donga mwaka 1916, bado una mwendo wa kuchezea ukumbini. Ndipo vijana wa mtaa wa Estácio, wakiwamo Ismael Silva na Alcebíades Barcelos aliyejulikana kama Bide, walipoanzisha kikundi cha samba cha Deixa Falar mwaka 1928. Ismael Silva alieleza baadaye kwamba samba ya zamani ilikuwa haitembeleki: watu walitaka kwenda barabarani, waimbe na kurusha mikono huku wakisonga mbele, na mdundo ule uliwazuia. Ulihitajika mdundo wa kusukuma watu, na ngoma ya kuufikisha mpaka mkia wa msafara. Inasimuliwa kwamba Bide aliwamba ngozi kwenye kopo kubwa la siagi, na hiyo ikawa surdo ya kwanza kutengenezwa. Kwa hiyo hiyo ngoma unayoiona ya pigo moja ndiyo iliyoifanya samba iweze kuandamana.

Shule ya Mangueira hata imeamua kuiacha surdo ya kwanza bila ya kuijibu. Pale kwenye moja, ambapo shule nyingine zina surdo ya pili, wao hawapigi ngoma nzito. Ukitaka kujifunza kuisikia mbili kama mbili, sikiliza bateria ya Mangueira kwa wiki nzima. Utapotea mara nyingi, kisha siku moja mwili utakubali.

Namna ya kuipata ni kupitia miguu na mdomo. Acha kuhesabu kichwani. Simama bila ngoma, kanyaga mguu wa kulia kwenye moja na wa kushoto kwenye mbili, na sema kwa mdomo "ti" unapokanyaga wa kulia, "DUM" unapokanyaga wa kushoto. "Ti" iwe ndogo, "DUM" iwe nzito, na bado uanze na "ti". Hata Ismael Silva alipotaka kuonyesha tofauti ya samba mpya na ya zamani alitumia silabi za mdomo, kwa hiyo usione aibu. Ukishaweza, imba wimbo wa kikundi chenu juu ya hatua hizo. Kwenye mazoezi omba usimame bega kwa bega na mpiga surdo ya pili, na umwone yeye ndiye anayeuliza, wewe unajibu. Kwa watu waliolelewa kwenye ngoma za kuitikiana, kama wewe, njia hii hufanya kazi haraka kuliko kuhesabu.

Halafu kuna mkono wa kushoto, ambao nadhani hakuna aliyekuonyesha. Ngozi ya upana ule ikipigwa huendelea kuvuma. Usipoizima, mvumo wa mbili unamwagikia juu ya moja inayofuata, unamfunika mwenzako wa surdo ya pili, na mdundo mzima unageuka uji. Kwa hiyo mkono wa kulia unafungua sauti kwenye mbili, kiganja cha kushoto kinalala juu ya ngozi kwenye moja kuifunga, kisha kinainuka tena kabla ya pigo. Ukifunga mapema samba inakauka, ukichelewa inalegea. Hiyo ndiyo kazi ya mikono uliyokuwa unaitafuta, nayo humchukua mtu muda mrefu kuimiliki. Faida yake nyingine: kiganja kinapogusa ngozi kwenye moja, mwili wako unapata alama ya wapi moja ilipo, na "moja" haipotei tena kirahisi.

Usiikaze ngozi ili ilie kwa nguvu. Surdo ya kwanza hutakiwa iwe imelegea kiasi, sauti itoke chini na iwe na mwili. Ukirekebisha, zungusha skrubu zinazotazamana kwa zamu, kidogokidogo. Ikiwa imewambwa ngozi ya mnyama, unyevu wa barabarani utailegeza na joto la vyumba vya Ujerumani litaikaza, basi ipime kila mara kabla ya kuanza. Za plastiki hazina hadithi hiyo, ingawa mimi bado napenda sauti ya ngozi.

Juu ya surdo zenu kuna tabaka zinazokimbia. Kaisha, ngoma ya vigwe vya waya, hujaza kila nafasi, nne kwa kila hesabu, na ndiyo inayobeba ule mwendo wa kuyumba ambao nota za karatasini haziuonyeshi. Zile nafasi nne hazilingani: ya tatu na ya nne huwahi kidogo. Mtu akizipiga sawasawa kama mashine, anapiga gwaride la jeshi. Repiniki, inayopigwa kwa kifimbo kimoja na kiganja kimoja, ndiyo inayoita na kuongoza chini ya macho ya mkuu wa bateria. Shokalyo ni fremu yenye safu za visahani vya chuma, huchangamsha panapotakiwa kuchangamka. Agogo ni kengele, mbili au nne, na shule ya Império Serrano inajulikana sana kwazo.

Tamborimu inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha uhusiano wa kweli wa muziki huu na bara letu. Ni kigoma cha sentimita kama 15 tu, hakina visahani, hushikwa mkononi na kuchapwa kwa kifimbo chembamba. Mzunguko wake wa kale una nafasi 16 na mapigo 9: ta . ta . ta . ta ta . ta . ta . ta ta . (kila nukta ni nafasi ya kimya). Mahali pa kuanzia hutofautiana, muulize mwalimu wenu. Mzunguko wa namna hiyohiyo, wenye nafasi 16, unajulikana Angola, Zambia na kusini mwa Kongo upande wa Katanga, na mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Kongo, Kazadi wa Mukuna, ameandika mengi kuhusu mchango wa Wabantu katika muziki wa Brazil. Mateka kutoka Msumbiji pia walishushwa Rio katika karne ya 19, lakini sehemu kubwa ya Wabantu waliopelekwa Brazil walitoka upande wa Angola na Kongo, kwa hiyo huko ndiko pa kutafuta zaidi kuliko pwani yetu.

Nasema hivi kwa sababu utakutana na watu watakaokuambia samba ni ngoma ya Kiafrika iliyohamishwa kama ilivyo. Haikuwa hivyo. Agogo inatoka kwa Wayoruba. Pandeiro lilikuja na Wareno, nao walirithi ngoma za fremu za Waarabu, ndugu za matari tunayopiga pwani. Kaisha, na ule ufundi wa vyuma na skrubu za surdo, vimetoka kwenye bendi za Ulaya. Waliovikutanisha ni watu weusi maskini wa Rio, tena wakisumbuliwa na polisi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 mpigaji João da Baiana alinyang'anywa pandeiro lake na polisi, na seneta Pinheiro Machado akaamuru atengenezewe jingine lenye maandishi ya kumtunuku, ili askari wakiliona wamwache.

Tuje kwenye kuika. Watu wengi wakisikia sauti ile kwenye rekodi hudhani ni filimbi au mtu anayeigiza mnyama. Ni ngoma, ila haipigwi. Ndani yake, katikati ya ngozi, kumefungwa kijiti chembamba cha mwanzi. Unaingiza mkono kwa upande ulio wazi, unakishika kijiti kwa kitambaa chenye unyevu, unasugua. Kitambaa kinakinasa kijiti, kinakivuta pamoja na ngozi, kinateleza, kinakinasa tena, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, kama upinde wa fidla unavyofanya kwenye uzi. Mkono wa pili uko nje: kidole kikibonyeza ngozi karibu na kilipofungwa kijiti, ngozi inakazika na sauti inapanda, kikiachia, inashuka. Angola kuna ngoma ya ukoo huohuo, puita, na wengi wanaiona ndiyo mzazi wake.

Yako inapokwaruza, nashuku kitambaa kwanza. Kikiwa kikavu kinakwaruza, kikiwa kinachuruzika maji kinateleza bila kunasa. Tumia kipande cha pamba au gauzi, kiloweshe, kikamue mpaka kisitoe tone. Pili ni nguvu: wageni hukikaba kijiti kama mpini wa mwiko. Kishike kwa ncha za kidole gumba na vidole viwili, kwa wepesi, na usugue kwa mwendo mfupi kwenda na kurudi. Anza bila kubonyeza nje kabisa, mpaka upate sauti moja ya chini iliyo safi. Tatu ni ngozi. Ikikazwa mno hupiga kelele nyembamba tu. Legeza kidogo, jaribu tena. Na kwa kuwa ni ya mtumba, tazama ndani kwa tochi: kama kijiti kinachezacheza pale kilipofungwa au kina ufa, au kuna mpasuko katikati ya ngozi, hakuna ufundi wa vidole utakaoiponya. Usijaribu kukifunga upya wewe mwenyewe mara ya kwanza, maana ngozi hupasuka hapohapo kwenye fundo. Mpelekee fundi wa ngoma au mpiga kuika mwenye uzoefu. Hata kama iko salama, saa moja ukiwa naye ana kwa ana itakufaa kuliko video za mwezi mzima, kwani shinikizo la vidole halionekani kwenye kioo cha simu. Nchini Ujerumani bahati ni yako: mji wa Coburg una tamasha la samba la kimataifa kila Julai, na hapo hupatikana wa kukuonyesha.

Djembe iache nyumbani. Ni ala nzuri ya Wamande wa Afrika Magharibi, ila haimo katika bateria, na tatizo lake ni sauti: kofi lake kali linaangukia palepale palipo repiniki na kaisha, huku besi yake ikigombana na surdo ya tatu. Nikubali kuwa kikundi cha mtaani kinachopiga kwa furaha hakitafungwa jela kwa ajili ya djembe moja. Ila muulize kwanza mwalimu wenu mnapiga samba ya Rio au samba-rege ya mji wa Salvador, Bahia, ile ya akina Olodum, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1979. Vikundi vya Ulaya huchanganya zote mbili katika zoezi moja, na katika samba-rege surdo hupangwa vingine kabisa. Huenda sehemu ya mkanganyiko wako imetoka hapo.

Kama mikono yako inaililia ngozi, kuna mlango unaokufaa zaidi. Kwenye samba ya kukaa kuzunguka meza, ngoma hupigwa kwa mikono mitupu. Kikundi cha Fundo de Quintal, kilichotokana na mikusanyiko ya Cacique de Ramos, ndicho kilichovuma kwa ala hizo: mpigaji Sereno na tantan, ngoma ndefu inayochukua kazi ya surdo, na mwenzake Ubirany na repiki ya mkono. Mpiga chapuo akishika repiki ya mkono hatakuwa mgeni sana. Ningekushauri ubaki na surdo mpaka kanivali ipite, kisha utafute kundi la namna hiyo. Pesa ya ala nyingine usiitoe sasa, labda tamborimu, ambayo ni rahisi na inaingia mkobani.

Nimalizie na masikio. Kuvuma mpaka asubuhi hutokea kwa wengi, na kwa sababu hiyo watu hukuita kawaida. Ni dalili kwamba chembe za ndani ya sikio zimechoshwa kupita kiasi, na zikifa hazioti tena. Kiwango kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo bateria ndani ya ukumbi huzifikia bila shida, unabaki na kama dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuifanya iwe ya chini ya maji, uvivae zoezi zima na si unapoanza kuumia. Omba usisimame mbele ya repiniki na kaisha. Mpe mwalimu hoja hiyo wazi, huenda naye anahitaji kuisikia.

Ukiacha mazoezi siku mbili na mvumo bado upo, au unarudi kila baada ya zoezi hata ukiwa na vizibo, nenda kwa daktari wa masikio akupime usikivu. Sikio moja likiziba au kupoteza usikivu ghafla, au ukapata kizunguzungu, nenda siku hiyohiyo, usingoje miadi. Na kwa kuwa surdo ile unaibeba: mkanda uvuke begani au ufungwe kiunoni kwa namna ngoma isikuvute mbele. Vidole vikianza kufa ganzi au mgongo ukauma hadi kesho yake, mwambie daktari kabla hujaingia barabarani nayo.